Gari-nyumba linalolala upande asubuhi: msinunue mabaluni kabla ya kupima kwa sabuni

Mama mmoja wa Houston, Texas, muuguzi mstaafu, ameniuliza hivi:

"Mimi na mzee tumenunua gari-nyumba la mtumba, la mwaka 2008. Lina urefu wa futi 42, injini ya dizeli iko nyuma, ekseli tatu. Halina jeki za haidroliki, linasawazishwa kwa upepo peke yake. Tukipaki jioni linakaa sawa. Asubuhi kona ya nyuma kushoto imelala, mlango wa choo unajifungua wenyewe, na usiku nasikia kimota kinavuma huko chini, kinanyamaza, halafu kinavuma tena. Fundi wa hapa anasema mabaluni ya upepo yanayobeba gari yamezeeka na tubadilishe yote manane, maelfu ya dola. Ni kweli? Na gari la namna hii linatunzwaje?"

Shikamoo mama. Hongereni kwa gari, na poleni kwa kukosa usingizi. Naomba msilipe hizo hela kwanza. Huenda fundi wenu yuko sahihi kuhusu umri wa mabaluni, na nitalirudia hilo mbele. Lakini baluni kuzeeka ni jambo moja na baluni kuvuja ni jambo jingine, na gari linalolala kona moja mara nyingi linavuja mahali ambapo baluni jipya halitasaidia kitu. Nimeshapokea magari yaliyobadilishwa mabaluni yote na bado yakalala usiku uleule.

Mimi nilianza kazi hii kwenye mabasi ya abiria Dar es Salaam kabla sijahamia Marekani. Siku ya kwanza nilipoingia chini ya gari-nyumba la kifahari sikukuta mgeni. Mabasi mengi makubwa yanayotoka Dar kwenda Mwanza nayo yamekaa juu ya mabaluni ya mpira yaliyojazwa upepo na kompresa ya injini, upepo uleule unaokaza na kuachia breki. La kwenu lina mabaluni mawili mbele, manne kwenye ekseli inayosukuma, na mawili kwenye ekseli ndogo ya nyuma kabisa. Tofauti ni kwamba basi halilazi watu kitandani, kwa hiyo halihitaji kujua kama sakafu imenyooka. La kwenu linahitaji, ndiyo maana lina akili mbili.

Akili ya kwanza ni ya barabarani. Chini ya chesisi kuna valvu tatu ndogo, kila moja ina mkono uliounganishwa na ekseli kwa kijiti. Naziita valvu za kimo. Gari likibeba mzigo, chesisi inashuka, mkono unapanda, valvu inafunguka na kuingiza upepo kwenye mabaluni mpaka kimo kirudi. Mzigo ukipungua, mkono unashuka na upepo unatolewa nje. Valvu hii haijui hata kidogo kama ardhi imeinama. Inachokijua ni umbali kati ya ekseli na chesisi, basi. Ukipaki kwenye mteremko itakutunzia kimo sahihi huku supu ikimwagika mezani.

Kwa nini tatu wakati gari lina kona nne? Kwa sababu ileile ya mafiga. Chungu kikikaa juu ya mafiga matatu hakichezi. Ukiweka la nne, moja litakuwa refu au fupi na chungu kitayumba. Valvu nne zingepigana zenyewe kwa zenyewe, huyu anajaza na yule anatoa, na chesisi ingepindika katikati. Mara nyingi moja iko mbele na inalisha pande zote mbili, na mbili ziko nyuma, kila upande yake. Shikeni hilo kichwani, maana linasaidia sana kutafuta tatizo.

Akili ya pili ni ya kambini. Hii ina vihisio vinavyofanya kazi kama pimamaji ya mwashi, kontrola inayotoa amri, na kisanduku cha valvu za umeme kwa kila kona au kila upande. Ukibonyeza kitufe cha kusawazisha, mfumo unazitenga valvu za kimo, kisha unajaza kona iliyo chini au kutoa upepo kwenye kona iliyo juu mpaka sakafu inyooke. Ukiuacha kwenye hali ya kujisawazisha, utaendelea kukagua usiku kucha. Kona ikishuka unaamka, unawasha kompresa ndogo ya umeme kama upepo wa tangi umepungua, unajaza, unalala tena.

Hicho ndicho kimota unachokisikia, mama. Hakina ubaya wowote. Kinafanya kazi ya kujaza kinachovuja, na kinakula betri zenu. Ukilala tena hapo, tazama saa kila kinapowaka. Kikiwaka mara moja kabla ya alfajiri, uvujaji ni mdogo. Kikiwaka kila nusu saa, ni mkubwa na utapatikana kwa urahisi.

Sasa tuutafute. Kazi hii ya kwanza mnaweza kuifanya wenyewe bila kuingia chini ya gari hata mara moja. Tafuteni sakafu ngumu iliyonyooka. Washeni injini mpaka mishale miwili ya upepo kwenye dashibodi ifike juu na kikaushio, kile kifaa kinachotoa maji kwenye upepo, kipige ile "pshiii" yake, kwa kawaida kati ya psi 120 na 130 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Acheni gari likae katika hali ya safari, zimeni injini. Mzee achukue futi kamba apime kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu, kona zote nne, na kuandika namba kwenye kipande cha karatasi ya gundi hapohapo juu ya gurudumu. Pimeni tena baada ya kupita muda wa saa mbili, kisha muda wa saa nane, na kesho yake muda uleule. Siku ya pili rudieni yote, lakini gari likiwa katika hali ya kambi, limeshasawazishwa, na kujisawazisha kwenyewe kumezimwa ili kusikufiche ukweli.

Namba hizo zitasema mengi. Kona ikishuka katika hali ya safari lakini ikasimama imara katika hali ya kambi, mabaluni ni mazima, mama. Kwenye magari mengi ya aina yenu valvu ya kimo imetengwa ukiwa kambini, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayovuja, na ni kifaa kimoja kidogo tu cha kubadilisha. Kona ikishuka katika hali zote mbili, uvujaji uko kwenye baluni, kwenye bomba, kwenye kiungio, au ndani ya kisanduku cha valvu za umeme. Zikishuka kona mbili za mbele kwa pamoja, kumbuka lile figa moja la mbele. Na zikishuka zote nne kidogo kidogo kwa usawa, huenda hakuna kinachovuja kabisa. Upepo ukipoa unasinyaa. Nyumba ikilala jangwani Arizona, jioni nyuzi 35 na alfajiri nyuzi 15, upepo ndani ya baluni unapungua ujazo kwa karibu asilimia 6 au 7, na gari linaweza kushuka sentimita moja na nusu bila tundu popote. Baridi ya usiku hushusha gari zima. Linaloshusha kona moja ni tundu.

Kwenu imetajwa kona moja, nyuma kushoto. Upande huo mabaluni matatu mara nyingi yanakula sahani moja: mawili ya ekseli inayosukuma na moja la ekseli ndogo. Likivuja moja, yote matatu yanashuka, na kwa macho huwezi kumjua mwenye kosa. Hapo ndipo sabuni inapoingia, na kabla haijaingia lazima nikusimulie jambo.

Nikiwa msaidizi kwenye gereji moja ya mabasi, mwenzangu aliingia chini ya basi kuangalia valvu ya nyuma. Alikuwa ameona gari limesimama juu na injini imezimwa, akadhani liko salama. Alipogusa tu kile kijiti cha valvu kikachomoka, mkono ukaanguka, na upepo wote wa upande ule ukatoka kwa sauti moja. Basi lilishuka kwa muda mfupi kuliko mtu kupiga chafya. Kilichomwokoa ni rimu kuukuu la gurudumu ambalo mzee wetu wa gereji alikuwa amelisukuma chini ya chesisi asubuhi ile, wala hakumwambia mtu. Tulimvuta akiwa na shati limebanwa kati ya chuma na chuma. Mpaka leo siingii chini ya gari la upepo kabla ya kuweka stendi za chuma mwenyewe, kwa mkono wangu, na kuzitikisa.

Kwa hiyo mama, wewe na mzee msiingie chini. Gari lenu linaweza kufika tani 20. Na fundi mtakayemwita mwangalieni kabla hajalala chini: magurudumu yamewekewa vigingi mbele na nyuma, stendi za uzito unaofaa zimekaa chini ya chesisi pale kitabu cha gari kinapoelekeza, ufunguo umetoka kwenye swichi na yuko nao mfukoni. Jeki ya gari, iwe ya haidroliki au ya chupa, hainyanyui gari ili mtu aingie. Inanyanyua ili stendi ziwekwe. Fundi akikwambia "dakika moja tu, natazama tu," mshukuru na utafute mwingine.

Sabuni yenyewe ni ya kuoshea vyombo, vijiko viwili kwa lita ya maji, ndani ya chupa ya kupulizia. Isiwe ile yenye amonia, kwa sababu amonia inaipasua shaba ya viungio taratibu. Matangi yawe yamejaa. Aanze na viungio vya bomba, maana bomba hizi za nailoni zinasukumwa tu ndani ya kiungio, na mtu akilikata bomba mshazari badala ya kulikata sawasawa, litavuja siku moja. Kisha mdomo wa kutolea upepo wa valvu ya kimo, halafu shina linalozungushwa na mkono. Kisha kisanduku cha valvu za umeme. Mwisho baluni lenyewe: ukingo wa juu linapobanwa na bamba la chuma, na mkunjo wa chini linapojiviringisha juu ya kitako chake.

Uvujaji mkubwa unapuliza povu likaruka. Mdogo lazima uusubiri. Pulizia, hesabu mpaka 60, kisha angalia kwa tochi. Utaona vipovu vyeupe vidogo vimejikusanya kama mayai ya samaki kwenye ukingo wa kiungio, na vinaongezeka ukivitazama. Ule ndio usiku wenu wote wa kukosa usingizi, uko pale kwenye sehemu isiyozidi kucha. Baada ya hapo aoshe sabuni yote kwa maji safi.

Ukiniuliza mimi natia shaka wapi zaidi, kwa gari la umri huo linalojisawazisha kwa upepo, nitaanza na kile kisanduku cha valvu za umeme. Ndani yake mna oringi ndogo za mpira zinazofunga upepo kila valvu inapotulia. Miaka inapita, mpira unakauka, unyevu na vumbi laini la kikaushio vinakaa pale valvu inapopaswa kufunga, na upepo unapita taratibu bila sauti. Kuna njia rahisi ya kuthibitisha: fundi atenge bomba linalokwenda kwenye mabaluni ya kona ile na kuliziba. Kona ikisimama usiku mzima, mabaluni hayana kosa na uvujaji uko upande wa kisanduku. Kukifungua, kukisafisha na kubadilisha oringi ni kazi ya mikono safi na subira, na bei ya oringi haikaribii hata ya baluni moja.

Sasa turudi kwenye umri. Kama mabaluni yenu ni yale ya 2008, yamekula chumvi nyingi, na hapo fundi wenu ana hoja. Mwambieni awaonyeshe kwa tochi, baluni likiwa limejaa. Mistari myembamba ya juujuu kama udongo uliokauka ni dalili ya kuzeeka, inatakiwa kuangaliwa kila miezi michache. Lakini mkiona nyuzi za ndani zimetokeza, au ufa mrefu kwenye mkunjo, au mahali mpira umesuguliwa na bomba au chuma mpaka ukang'aa, baluni hilo libadilishwe kabla ya safari nyingine, hata kama halivuji. Likipasuka barabarani gari linaangukia vizuizi vya mpira na kuegemea upande mmoja ghafla. Na mkibadilisha, badilisheni la kushoto na la kulia pamoja kwenye ekseli ile. Yote manane kwa siku moja si lazima, isipokuwa yote yamefikia hali hiyo.

Kitu kinachoua mfumo huu kuliko umri ni maji. Kompresa inavuta hewa ya Houston, ambayo unyevu wake ni kama wa Dar mwezi wa Machi, inaibana, na maji yanatoka humo kama jasho. Kikaushio kina kopo lenye punje zinazonyonya maji hayo. Kopo hilo libadilishwe kila miaka miwili au mitatu, na kwa mtumba usiyejua historia yake, badilisheni sasa hivi. Kila mwezi vuteni kamba za kutolea maji chini ya matangi. Ikitoka hewa kavu, vizuri. Ikitoka maji ya kujaza kikombe, kikaushio kimechoka. Ikitoka tope jeusi la mafuta, kompresa ya injini inapitisha oili, na hilo msiliahirishe, kwa sababu oili ile itakwenda kwenye kila oringi niliyoitaja na pia kwenye breki. Na mtu akiwashauri kumimina spiriti kwenye mabomba ili maji yasigande wakati wa baridi, mkataeni. Inaharibu mipira na punje za kikaushio.

Uvujaji wa breki na wa mabaluni unakutana kwenye tangi, kwa hiyo kabla ya kila safari fanyeni jaribio wanalofanya madereva wa malori hapa Marekani. Magurudumu yamewekewa vigingi, matangi yamejaa, injini imezimwa, breki ya kuegesha imeachiwa: mshale usishuke zaidi ya psi 2 kwa dakika moja. Kisha kanyaga breki ya mguu kwa nguvu na kuishikilia: usishuke zaidi ya psi 3 kwa dakika. Ukizidi hapo, gari halitoki.

Kimo cha safari nacho kipimwe mara moja kwa mwaka, na kila valvu ya kimo inapobadilishwa. Kitabu cha chesisi yenu kinaonyesha pa kupimia na namba yake. Kosa la robo inchi linatosha kumfanya fundi makini arekebishe kijiti. Gari likikaa chini sana linagonga vizuizi kwenye kila shimo. Likikaa juu sana shokapu zinavutwa mpaka mwisho, na propela, ile shafti inayozungusha ekseli ya nyuma, inafanya kazi kwa pembe isiyo yake mpaka mnasikia mtetemo sakafuni. Wenzetu wengi wanaona gari limeegemea kambini wanakimbilia kukaza kijiti cha valvu. Kumbuka, kile hakijui ardhi. Mtaharibu kimo cha barabarani na kambini patabaki vilevile.

Kuhusu kupaki, chagueni mahali palipokaribia kunyooka na mpe mfumo kazi ndogo. Tembezeni gari angalau mara moja kwa mwezi, mwendo wa kutosha injini ipate joto kamili, na mbonyeze vitufe vya kusawazisha juu na chini ili valvu zisigande. Kama friji yenu ni ile ya gesi inayofanya kazi kwa amonia, kunyooka si suala la starehe. Kimiminika chake kinatiririka kwa uzito wake tu, na ikiinama zaidi ya nyuzi 3 upande kwa upande au 6 mbele kwa nyuma, inajichoma ndani. Friji ya umeme kama ya nyumbani haina shida hiyo. Vyumba vinavyosukumwa nje pembeni ili kupanua nyumba, fuateni mpangilio wa kitabu chenu, usiuchukue kwa jirani, maana watengenezaji hawafanani: huyu anataka kusawazisha kwanza, yule anataka vyumba kwanza. Mkiona kioo cha mbele kinalia au kona yake imeachia mpira, chesisi imepindwa. Rudisheni chini na kuanza upya.

Na ikitokea siku moja mkanunua lenye jeki za haidroliki, shikeni hili moja: magurudumu ya nyuma yasinyanyuke kutoka ardhini. Breki ya kuegesha inashika magurudumu ya nyuma tu. Yakielea hewani, hakuna kinacholizuia gari kuteremka na jeki zake. Wekeni mbao pana chini ya kila jeki, futeni vyuma vyake vinavyong'aa kabla ya kurudisha, na msitie mafuta ya breki kwenye tangi lake kamwe, yanayeyusha sili.

Mama, anzeni na futi kamba Jumamosi hii. Ukishapata namba za saa mbili na za saa nane kwa hali zote mbili, niandikie: kona ya nyuma kushoto imeshuka sentimita ngapi, zile nyingine tatu ngapi, na mshale upi wa dashibodi ulianguka kwanza. Nikiziona nitakuandikia karatasi ya kumpa fundi wenu, aanzie wapi na sabuni yake.